Chediel Alivyonunua Ng'ombe Wake

Jirani yangu Chediel Ntandu hajawahi kuwa tajiri, lakini kwa sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa mtu mwenye ng'ombe, na hapa kwetu Ilongero hayo yalikuwa mambo mawili tofauti. Tajiri ni yule anayeonekana. Mwenye ng'ombe ungeweza kupita mbele ya zizi lake ukaona ndama wawili na mbuzi mmoja mwenye upele, ukamhurumia, kumbe mifugo yake inalala kwa rafiki huku, kwa shemeji kule, na mingine nchi ya mbali ambako hata mkewe hajawahi kufika.

Vijana wa leo nikiwaeleza hilo wananiuliza kwa nini mtu asikae na mali yake. Hawajawahi kuona ugonjwa ukiingia zizini Jumatatu na Ijumaa mtu anachuna ngozi tu. Wazee walijua kwamba ng'ombe wa mtu mmoja wakilala mahali pamoja, balaa moja linawamaliza. Kwa hiyo waliwawekesha. Unampa rafiki mtamba, anamchunga, anakunywa maziwa, samadi inakwenda shambani kwake, na kila anayezaliwa unaletewa habari. Hakukuwa na karatasi. Karatasi ilikuwa ni yule rafiki mwenyewe.

Kisha akaja mkoloni, na desturi hiyo ikaota jambo jingine. Nimejisomea mwenyewe mambo ya watu wale, maana shule niliishia darasa la nne, na kanuni yao kubwa ilikuwa moja: nchi wanayoitawala lazima ijilipie. Uingereza haikutaka kuleta senti yake hapa. Barabara, baraza la mahakama, josho, mnada, kila kitu walichosema wametuletea kilikuwa na mlango, na mlangoni alikaa karani. Ukitaka haki unalipa. Ukitaka ng'ombe wako aogeshwe kupe unalipa. Ukitaka kumuuza huyo ng'ombe ili upate ya kulipa kodi ya kichwa, unalipia na kule kumuuza. Walihesabu wanaume, walihesabu nyumba, na walipoanza kuhesabu ng'ombe watu wetu wakafunga midomo. Karani akiuliza ng'ombe hawa ni wa nani, jibu lilikuwa moja: ni wa huyu anayewakama. Mwenyewe hatajwi. Kumtaja mwenyewe mbele ya serikali lilikuwa jambo la aibu, kama kumvua mtu nguo sokoni.

Baba yake Chediel alikwenda kwa miguu mpaka Sekenke, kwenye machimbo ya dhahabu, kutafuta fedha ya kodi. Huko akalala kibanda kimoja na Mnyiramba mmoja, wakapikiana uji, wakauguzana homa. Waliporudi makwao, baba yake Chediel alimpelekea yule rafiki mtamba mweusi. Wazee wale wawili walikufa, lakini uzao wa mtamba ule ulibaki chini ya mteremko wa Sekenke, na watoto wao wakarithi urafiki kama walivyorithi ng'ombe. Mtoto wa Mnyiramba aliitwa Melkizedeki.

Chediel alikwenda kwake kila mwaka baada ya mavuno ya alizeti. Nilifuatana naye mara kadhaa. Alifika, akasalimiwa, akaletewa kigoda, na hakuna aliyetaja ng'ombe mpaka siku ya pili. Hapo Melkizedeki alimpitisha zizini akisema, "Huyu mjukuu wa yule mwenye baka. Huyu alizaa pacha, mmoja akafa, ngozi yake hii hapa." Chediel aliitikia kwa kichwa tu. Kuuliza sana kungekuwa tusi.

Miaka michache iliyopita serikali ilileta hereni za ng'ombe, zile za plastiki zenye namba iliyoandikishwa kwa jina la mwenye ng'ombe, kila moja kwa ada yake. Walisema ni huduma: mifugo itambulike, wizi upungue, magonjwa yafuatiliwe. Sikatai. Josho nalo lilikuwa huduma.

Siku zilipofika zizini kwa Melkizedeki hatukuwapo. Tulisimuliwa na Kristina, mke wa Melkizedeki. Afisa mifugo wa huko, binti mmoja mpole aitwaye Belinda, alifika na koleo lake la kutobolea masikio na simu ya kuandikia.

"Shikamoo babu. Ng'ombe wote hawa ni wako?"

Melkizedeki akamtazama kana kwamba ameulizwa kama kichwa alichobeba ni chake. "Ni wangu. Ulitaka nifuge wa nani?"

Watu wakacheka, hereni zikapigwa, Melkizedeki akalipa ada yote. Alasiri akampigia Chediel simu. Nilikuwa nimeketi karibu, nikasikia sauti yake kubwa ikitoka kwenye kile kisimu.

"Bwana wee, wamepita! Nimewaambia ni wangu."

"Umefanya vizuri, ndugu yangu. Nikurudishie gharama?"

"Gharama gani? Baba yangu alimdai baba yako?"

Wakacheka wote wawili. Mmoja alidhani amemkinga mwenzake na kodi, mwingine alidhani amekingwa. Hawakujua kwamba safari hii kitabu cha karani kimehamia sikioni mwa ng'ombe, na hakifutiki.

Mwaka uliofuata Melkizedeki akafa. Tulikwenda kuzika, mimi na Chediel. Baada ya udongo kurudishwa, kabla watu hawajatawanyika, mdogo wa marehemu alisimama kama ilivyo desturi, akasema kwa sauti: "Kama kuna mwenye kitu chake katika nyumba hii, aseme sasa. Atakayenyamaza amenyamaza."

Chediel alikuwa ameshika fimbo yake, amekwisha kuinua nyonga. Mbele yake, kwenye viti vya plastiki vya wageni rasmi, alikaa mtendaji wa kijiji, na pembeni yake Belinda, afisa mifugo. Chediel akawatazama. Akaketi tena.

Njiani nilimfokea. "Mbona ulikaa? Ile ndiyo ilikuwa nafasi yako!"

"Ningesema nini?" akanijibu. "Kwamba yule aliyelala pale aliidanganya serikali, niseme mbele ya serikali yenyewe, kaburi likiwa bado bichi?"



Angeweza kuwaacha ng'ombe pale mikononi mwa mwana wa rafiki yake, kama baba zao walivyofanya. Lakini masika ile ndigana, homa ya kupe, iliingia Ilongero, na zizi la Chediel likabaki na harufu tu. Ng'ombe wa Sekenke wakawa ndio uzee wake wote. Na kabla hajapumua, Kristina akapiga simu: mwanawe Elisha, mwenye kibanda cha kuuza simu pale Utemini mjini, anataka kuuza zizi zima mnada ujao afungue duka kubwa.

Tulipofika Elisha alikuwa chini ya upenu wa nyumba ya baba yake, kavaa viatu vyeupe kwenye vumbi lile. Si kijana mbaya. Alisimama, akatupisha viti.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Wangu."

Elisha akatabasamu kidogo. "Baba mkubwa, siku ya msiba baba mdogo aliuliza. Ulikuwa umekaa palee, nilikuona. Ulisema una kitu humu?"

"Sikusema."

"Na hereni zinasema ni wa nani?"

"Zinasema ni wa baba yako."

"Sasa desturi imekukataa, serikali imekukataa. Mimi niwaambie nini wadogo zangu?"

Ukweli ni kwamba alikuwa amesema sawa. Chediel alikuwa amefungiwa milango yote miwili, na walioifunga ni yeye na rafiki yake, kila mmoja kwa kumstahi mwenzake.

Tukaenda ofisi ya kijiji. Belinda alitupokea vizuri, akatutafutia hata maji ya kunywa. Akasikiliza habari yote kichwa kikiwa kimeinama, kisha akasema jambo hilo linatengenezeka.

"Andika maelezo tu babu, kwamba marehemu alitoa taarifa za uongo kuhusu umiliki. Familia itaitwa, huenda kukawa na faini kidogo. Baada ya hapo unalipia kubadilisha jina, kila ng'ombe na ada yake."

"Aliyesema uongo hayupo," Chediel akasema.

"Ndiyo maana ni rahisi, babu. Hatabisha."

Alisema bila ubaya. Mtoto wa watu alikuwa anajaribu kumsaidia. Chediel akaitazama ile karatasi iliyosogezwa mbele yake, akaisukuma taratibu kwa ncha ya kidole mpaka ikarudi upande wa yule binti.

"Sitaandika."

"Basi mimi sina njia nyingine, babu."

"Najua. Shika kazi yako, mwanangu."

Nje nikamwambia amepumbaa, kwamba mfu hana aibu tena na yeye ana tumbo. Akaniambia mimi nimesoma vitabu vingi. Tukashika njia ya kwa Kristina.

Jioni ile Kristina alikuwa akisonga ugali wa uwele, na Elisha alikaa kizingitini akichezea simu. Mama yule hakugeuka, aliongea huku mwiko unazunguka.

"Elisha. Ulikunywa maziwa ya ng'ombe wa nani mpaka ukaota hizo ndevu?"

"Ya baba."

"Ya mzee huyu. Baba yako alikuwa anakama tu."

"Mama…"

"Nimemaliza miaka yangu yote nikiwafungulia ng'ombe wale asubuhi. Unataka kunifundisha ni wa nani?"

Elisha akaiweka simu chini. "Mama, nakuamini. Baba mkubwa, nakuamini na wewe. Lakini wadogo zangu wako Nzega na Dar. Nikitoa zizi zima bila karatasi watasema nimekula na mzee. Nipeni kitu cha kuwaonyesha."

"Kitu gani?" nikauliza.

"Risiti ya mnada. Tumuuzie."

Kristina akaacha kusonga.

"Umuuzie mtu ng'ombe wake?"

"Mama, serikali inajua njia mbili tu za ng'ombe kubadilisha mtu: useme mmoja alidanganya, au useme amemuuza. Ya kwanza baba mkubwa hataki. Basi imebaki ya pili."

Kijana akaipanga mwenyewe, na nakiri aliipanga kwa akili. Chediel alikuwa na fedha ya alizeti, ya kununulia ng'ombe mmoja. Angemnunua wa kwanza mbele ya karani, kisha Elisha angemrudishia zile fedha nyuma ya malori, naye angenunua wa pili kwa noti zile zile, na wa tatu, mpaka waishe.

Siku ya mnada jua lilikuwa kali na vumbi la kwato limesimama hewani. Kristina alikuja nasi, kajitanda kitenge chake cha msibani, akasimama kando ya boma la miti walimofungiwa ng'ombe. Dalali akaitwa, maana bila dalali huuzi. Karani wa ushuru alikaa kwenye meza yenye mwavuli, mashine mkononi.

Ng'ombe wa kwanza akauzwa. Chediel alihesabu noti, Elisha akapokea, dalali akakata chake, mashine ikalia na kutoa ulimi wa karatasi, ushuru ukabaki mezani. Elisha akaelekea nyuma ya lori, nami nikaelekea huko kama mtu anayekwenda kujisaidia, nikarudi na noti kifuani. Zilikuwa zimepungua.

Ng'ombe wa pili vivyo hivyo. Wa tatu vivyo hivyo. Kila mzunguko dalali alikata, karani alikata, na mgambo wa langoni akadai ya chai kwa sababu alituona tunakwenda sana nyuma ya malori. Burungutu likakonda. Ikabidi kila ng'ombe awe na bei ndogo kuliko aliyemtangulia, hata awe mkubwa kuliko yeye.

"Mzee!" karani akaita. "Leo una mkono mwepesi, unanunua kama mandazi!"

"Na huyu muuzaji ana nini?" dalali akadakia. "Kila akiuza, bei inashuka. Kijana, umelogwa? Nipe mimi niwauze, utanishukuru."

Wachuuzi wakaangua kicheko. Chediel hakucheka. Nilimwona anamtazama kila ng'ombe akipitishwa langoni, midomo ikichezacheza, na nilijua anakumbuka mama zao.

Hapo ndipo alipojitokeza Abdulmajidi, mfanyabiashara wa nyama wa Singida mjini, mtu mnene mwenye kanzu safi na fimbo nyembamba. Yeye haulizi bei mpaka ameshika nundu. Akaishika nundu ya dume kubwa la baka, kisha akamtajia Elisha bei ambayo ilimfanya kijana ameze mate.

Elisha akatutazama sisi, akatazama dume. Duka lake zima la Utemini lilikuwa limesimama pale kwa miguu minne.

Kristina akasogea. "Huyo ana mwenyewe."

Abdulmajidi akamsalimu kwa heshima, kisha akacheka. "Mama, kama ana mwenyewe, mnadani anafanya nini?"

Nilitafuta neno la kumjibu mtu yule. Nimesoma historia, nimesoma sheria za ardhi, nimesoma hata hotuba za Bunge. Sikupata.

Aliyejibu ni Chediel. "Muuzie, Elisha. Lori la Fuso halijalipwa, kibali hakijalipwa, na mimi mfukoni nimebaki na vumbi."

Ilikuwa kweli. Noti zile zilikuwa zimeliwa mpaka hazikutosha hata mtamba wa mwisho. Basi dume la baka, la uzao wa mtamba mweusi wa Sekenke, likauzwa kwelikweli, likapelekwa kwa wachinjaji, na fedha yake ikawalipia wenzake ruhusa ya kurudi kwa mwenyewe. Elisha alimkabidhi Chediel fedha yote. Hakubakiza hata ya soda, lazima niseme hivyo. Tukamnunua mtamba wa mwisho, tukalipa lori, tukalipia kibali cha kuwavusha wilaya, maana siku hizi huwezi kuswaga mifugo yako barabarani kama alivyofanya baba yako. Kila kilichokatwa pale mnadani hakikwenda kwa Elisha wala kwa Chediel. Mkoloni angekaa pale chini ya mwavuli asingebadilisha chochote, labda angeshangaa mashine.

Ng'ombe wakapandishwa. Alipobaki yule mtamba mdogo, Chediel akaushika ubao wa lori, akamgeukia Kristina.

"Shemeji, huyu abaki. Mrudi naye nyumbani. Wajukuu wapate maziwa, nami nipate sababu ya kuja."

Kristina alimtazama mtamba.

"Abaki kwa jina la nani, shemeji?"

Chediel akafungua mdomo.

"Akibaki kwa jina lako," Kristina akaendelea, "siku wewe hupo watakuja na polisi waseme nimeiba. Akibaki kwa jina langu, mimi nikifa wajukuu watasema ni wao, nao watakuwa na risiti. Umeona leo tulivyohangaika. Tena tumehangaika tukiwa tunapendana."

"Tutaandikishana, mama," Elisha akasema. "Mkataba, mashahidi, kila kitu."

"Mkataba ni kwa watu wasiojuana." Akamsukuma mtamba kiunoni kwa kiganja, yeye mwenyewe, mpaka akapanda ubao. "Mpeleke, shemeji. Umenunua. Tumemalizana."

Neno hilo wengine mtaliona la kawaida. Mtu akilipa nauli husema tumemalizana. Lakini nyumba hizi mbili hazikuwa zimemalizana tangu siku za machimbo. Daima kulikuwa na ndama aliyezaliwa au ngozi ya kuonyeshwa, kitu cha kumfanya mtu afunge safari. Chediel alisimama pale kofia mkononi. Elisha akainama kuchezea kamba. Dereva akapiga honi, akapiga tena.

Ng'ombe hao sasa wote wanalala Ilongero, zizi moja, wana hereni zenye jina sahihi. Masika imekaribia. Chediel ametengeneza ua upya kwa miiba, na kila asubuhi namwona anapita akiwashika masikio mmoja mmoja kupima kama yana homa. Jana nilimwambia awagawe kwa majirani, hata watatu, kabla ndigana haijarudi. Akaniuliza ni jirani gani ninayemfikiria. Nilitaja jina langu.

Aliendelea kushika masikio mpaka akafika kwa yule mtamba wa mwisho.

"Una simu ya kujiandikishia jina lako sikioni mwao?" akaniuliza.

Ninayo. Niliiacha mfukoni.